Kutu na sukari: namna ya kutengeneza anodi ya betri ya lithiamu maabarani

Kila nikikutana na kijana anayeanza project ya betri swali huwa lilelile, nianzie wapi, na ukimwambia akasome pepa anarudi kachanganyikiwa zaidi ya alivyoenda, maana pepa zinakupa mistari minne tu ya namna walivyotengeneza alafu kurasa nane za picha nzuri za mikroskopu. Kwaiyo leo naandika vile mimi ninavyofanya, kwa vitu rahisi kabisa, kutu ya chuma na sukari. Siyo utani, kutu kweli, ile nyeusi inayoshika sumaku inaitwa magnetaiti, na sukari ni glukosi ambayo tukiipika na kuichoma inageuka kaboni nyembamba inayoifunika ile kutu kama ganda la yai.

Kabla hujawasha oveni jua kwanza tunahangaikia nini. Betri ya simu yako upande wa anodi, yaani upande hasi, ina kinywe, yaani grafaiti, ni haya haya madini yaliyoko Mahenge na Ruangwa, na hata kule Mirerani wachimbaji wa tanzanaiti wanakutana nayo mpaka wanatoka shimoni weusi tii. Kinywe kimepangana matabaka kama karatasi za daftari, lithiamu inaingia katikati ya karatasi ukichaji na inatoka ukitumia, atomu moja ya lithiamu kwa kaboni sita. Mmoroko mmoja, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, ndo aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa Grenoble Ufaransa kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye kinywe kwa umeme bila shida. Sony walipoingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ioni mwaka 1991 wao hawakuanza na kinywe, walitumia kaboni ya aina nyingine iliyotokana na masalia ya mafuta, kinywe kikaja baadae na mpaka leo kimekaa.

Tatizo la kinywe ni moja, kimefika mwisho. Kaboni sita kwa lithiamu moja inakupa kapasiti ya 372 mAh kwa gramu, yaani kiasi cha umeme ambacho gramu moja inabeba, na hapo ndo dari, hata ukisage vipi. Mwaka 2000 kundi la mtafiti Tarascon pale Amiens, Ufaransa wakachapisha kwenye Nature kwamba oksaidi za kobalti, nikeli, chuma na wenzake zikiwa chembe ndogo za nano zinaweza kubeba karibu mara mbili. Hizi hazifanyi kazi kama daftari. Lithiamu inaivunja oksaidi yenyewe, inachukua oksijeni inakuwa oksaidi ya lithiamu na chuma kinabaki vipande vidogo sana vya nanomita chache, alafu ukirudisha karenti kila kitu kinarudi karibu na kilivyokuwa. Yaani unabomoa nyumba na kuijenga upya kila siku.

Hesabu yake ijue kichwani kwasababu utaihitaji kila saa: chukua 26801 (ni umeme wa moli moja ya elektroni kwa mAh), zidisha kwa idadi ya elektroni, gawanya kwa uzito wa moli. Magnetaiti ni Fe3O4, elektroni 8, uzito 231.5, unapata 926 mAh kwa gramu. Ile kutu nyekundu Fe2O3 ni elektroni 6 kwa 159.7, unapata 1007. Kinywe ni 1 kwa 72, unapata 372. Umeona tofauti.

Sasa kwanini kaboni? Kwasababu kutu ikishabomolewa inaacha oksaidi ya lithiamu isiyopitisha umeme, na kila ukiibomoa na kuijenga inavimba na kusinyaa mpaka inapasuka, vipande vinaachana na karatasi ya shaba tunayoipakia unga na hapo vimekufa, havisomeki tena. Ganda la kaboni linapitisha umeme na linazuia vipande visitawanyike. Hiyo tu. Ukielewa hapo umeelewa nusu ya pepa zote za eneo hili.

Hatua ya 1: kupika kutu

Unahitaji chungu cha chuma cha pua chenye kikombe cha tefloni ndani, ujazo wa mililita 50. Pima feriki kloraidi (FeCl3·6H2O) gramu 1.35, yale madonge ya njano yanayoelekea udongo, na upime haraka kwasababu yanakunywa unyevu wa hewani, nikiwa pwani nilikuwa naiona namba ya mizani inapanda huku naiangalia. Yayeyushe kwenye mililita 40 za ethilini glaikoli, hii ndo ileile iliyomo kwenye kulanti ya gari ila wewe nunua safi ya maabara usije ukatumia ya kijani ya gereji. Ikishakuwa wazi ongeza sodiamu asetati gramu 3.6 na PEG (polietilini glaikoli) gramu 1, koroga nusu saa mpaka rangi itulie.

Mimina kwenye kikombe cha tefloni. Mililita 40 kwenye chungu cha 50 ni asilimia 80, usizidishe hapo, kimiminika kikipata moto kinatanuka na kikikosa nafasi chungu kinakuwa bomu. Funga, weka oveni nyuzi 200, saa 10 mpaka 12. Usipandishe oveni zaidi ya 220 maana tefloni inaanza kulegea.

Ikiisha zima oveni na UENDE NYUMBANI. Chungu kipoe chenyewe. Nishamuona mwanafunzi anakimwagia maji ya bomba ili kipoe haraka, bahati yake kilivuja tu kikamnyunyizia koti, ila ile harufu na ule mlio sitausahau.

Kesho yake ukifungua utakuta kimiminika cheusi na unga umekaa chini. Hapa sasa raha ya magnetaiti inaanza: huhitaji sentrifuji. Weka sumaku kali nje ya bika, subiri dakika mbili unga wote unakimbilia upande huo unaganda ukutani, mwaga maji, ongeza mapya, tikisa, rudia. Maji mara tatu na ethanoli mara tatu mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa, maana kloraidi ikibaki itakusumbua mbele ya safari. Kausha nyuzi 60 usiku mzima.

Usishangae ukipata kidogo. Kwa vipimo hivi hata kila kitu kikienda sawa huwezi kuzidi gramu 0.386, ni hesabu ya chuma ulichoweka. Ukipima ukapata gramu 0.6 basi haijakauka au haijaoshwa, usifurahi.

Hatua ya 2: sukari

Chukua gramu 0.3 ya ule unga, mililita 40 za maji safi, glukosi gramu 1.5. Weka kwenye bafu ya mawimbi ya sauti nusu saa ili chembe zitawanyike, hapa wengi wanaweka dakika tano alafu wanalalamika chembe zimeshikana matonge. Rudisha kwenye chungu, nyuzi 180, saa 6. Ukifungua utasikia harufu ya sukari iliyoungua sufuriani, kama mtu aliyekuwa anapika kashata akasahau jiko, na unga umekuwa wa kahawia iliyokolea. Osha tena kwa sumaku, kausha.

Kiasi cha sukari ndo sehemu ya kuchezea. Ukiweka nyingi sana kaboni haikai kwenye kutu peke yake, inajitengenezea vimipira vyake pembeni na ukiangalia kwenye mikroskopu unakuta gololi mbili tofauti zimechanganyika. Ukiweka kidogo ganda linakuwa viraka. Mimi naanza na 1.5 alafu nafanya nyingine ya 0.8 na ya 3, tatu kwa pamoja, kwasababu mtahini lazima akuulize kwanini ulichagua hiyo na "niliikuta kwenye pepa" siyo jibu.

Hatua ya 3: tanuru

Lile ganda bado siyo kaboni kamili, lina hidrojeni na oksijeni nyingi na halipitishi umeme. Linatakiwa lichomwe bila hewa. Weka unga kwenye mtumbwi mdogo wa alumina, ingiza kwenye tanuru la bomba, pitisha agoni au naitrojeni nusu saa kabla hujawasha moto, alafu panda nyuzi 3 kwa dakika mpaka 500, kaa saa 4, shuka taratibu gesi ikiendelea kupita.

Watu wanauliza, si kaboni inakuwa bora ukichoma zaidi, kwanini nisiende 800? Kweli kaboni itakuwa bora ila kutu itakuwa imekwisha. Ukizidi 600 mkaa unaanza kuipora kutu oksijeni yake na unabaki na chuma tupu, na chuma tupu hakibebi lithiamu. Ni mambo yaleyale ya wazee wa Kagera waliokuwa wanayeyusha chuma kwa mkaa enzi na enzi, wao walitaka chuma, sisi hatukitaki. Ukitumia oksaidi ya bati badala ya chuma tatizo ni hilohilo, bati linatoka vitone vitone.

Jingine, usifungue bomba likiwa bado la moto. Unga wa nano wenye chembe za chuma ukikutana na hewa ghafla unaweza kuwaka wenyewe mbele ya macho yako, unaanza kama kaa la sigara alafu unatembea mtumbwi mzima, na ukipoa ni mwekundu. Ukiona mwekundu ujue hewa imeingia na kazi ya siku tatu imerudi kuwa kutu ya bati la nyumba.

Hatua ya 4: hakikisha umepata ulichodhani umepata

Sumaku kwanza, ni bure. Alafu XRD, mashine ya mionzi ya X inayoonyesha atomu zimepangana vipi. Kwa mashine yenye mionzi ya shaba magnetaiti inakupa mlima mkubwa kwenye nyuzi 35.4 hivi (nyuzi za pembe, siyo za joto), kutu nyekundu ina mlima 33.2 ambao magnetaiti haina, kwaiyo ukiona kitu kinachungulia pale 33 kuna nyekundu imejichanganya. Ukiona mlima mkali 44.7 hicho ni chuma tupu, rudi kwenye tanuru upunguze moto. Kaboni yetu huioni vizuri, inakuwa kifuniko kipana tu kati ya 20 na 30 kwasababu haijapangana kama kinywe, kinywe kingekuwa na mlima mwembamba 26.5.

Kujua kaboni ni asilimia ngapi peleka TGA, unachoma sampuli kwenye hewa mpaka 700 mizani ikiwa inasoma. Hapa kuna mtego. Kaboni inaondoka lakini magnetaiti inaongeza oksijeni inageuka nyekundu, uzito wake unapanda kwa 3.45%. Kwaiyo kama yamebaki 82.8% usiseme kutu ni 82.8%, gawanya kwa 1.0345 unapata 80%, kaboni 20%. Nimeona tasnifu nzima imepita bila mtu kugundua hilo.

Na sasa piga hesabu ya dari lako. 80% ya 926 ni 741, ongeza kaboni, tuikadirie 300 kwa gramu, 20% yake 60, jumla kama 800. Iandike kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Ukija kupata zaidi ya hapo sana, kabla hujamuita mwalimu soma hatua ya 6.

Hatua ya 5: uji na shaba

Unga miligramu 160, kaboni nyeusi ya kupitisha umeme miligramu 20, na gundi miligramu 20, ile 80:10:10 ya kila mtu. Gundi ziko mbili, PVDF ambayo inayeyuka kwenye kiyeyushi kinachoitwa NMP, na CMC inayoyeyuka kwenye maji. Mimi natumia CMC, kwanza NMP ina madhara kwa uzazi na wanafunzi wengi wanaishika bila glovu, pili CMC inashikana na oksaidi vizuri zaidi kwa vitu vinavyovimba, tatu ni bei rahisi, ndo hiyohiyo wanaweka kwenye aiskrimu kuifanya nzito. Tengeneza maji ya CMC ya 2% siku moja kabla, maana kuyeyuka inachukua muda na ina mabonge, alafu gramu 1 ya hayo maji ndo miligramu 20 zako.

Unga na kaboni visage vikavu kwenye kinu cha mkono robo saa, ongeza maji ya CMC, koroga saa kadhaa. Uzito unaotafuta ni wa uji wa mtoto, ukiinua kijiko unadondoka taratibu kwa mkupuo na siyo kuchuruzika kama maji. Mwepesi utakimbia kwenye shaba, mzito utaacha mistari.

Karatasi ya shaba ifute na ethanoli, ilaze kwenye kioo juu ya matone machache ya ethanoli ili ing'ang'anie, upande usiong'aa uwe juu. Kama una kisu cha kupakia weka mikroni 150. Kama huna, bandika selotepu pande mbili na uburute fimbo ya kioo juu yake, inafanya kazi vizuri tu, nimeipakia hivyo miezi mingi. Kwanini shaba na siyo alumini ambayo ni nafuu? Kwasababu kwenye volti za chini za anodi alumini inaungana na lithiamu inakuwa vumbi, shaba haiungani.

Kausha hewani kwanza, alafu nyuzi 60, alafu oveni ya vakuamu nyuzi 110 usiku kucha. Ukiharakisha uso unakauka kabla ya ndani na unapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Hatua ya 6: kupima uzito (nakaa hapa kidogo, vumilia)

Hapa ndo betri nyingi za maajabu zinapozaliwa. Unakata duara la milimita 12, eneo ni sentimita 1.13 za mraba. Shaba ya mikroni 10 kwa duara hilo ina miligramu 10.1. Duara lako zima lina 11.9. Kwaiyo ulichopaka ni 1.8 tu, na asilimia 80 yake ni 1.44, hiyo ndo inayofanya kazi. Unaona ulivyo mzaha? Unapima kitu cha miligramu moja na nusu kwa kutoa shaba ya miligramu kumi. Shaba ikitofautiana 0.2 tu kutoka ukingo mmoja wa karatasi mpaka mwingine, majibu yako yamekosea kwa zaidi ya 10%.

Mimi yalinikuta. Seli yangu ya kwanza nzuri ilinipa 1500 mAh kwa gramu, nikapiga picha ya skrini, nikalala na furaha, kesho nikamuonyesha dada mmoja aliyenitangulia pale maabara. Hakuangalia hata grafu. Akaniuliza, "Hiyo shaba ya kutoa uliipima lini?" Nikamwambia nina wastani kwenye daftari, 11.0. Akasema, "Pima ya leo." Kumbe roli ilishabadilishwa wiki ile, mpya ilikuwa nyembamba, 10.1. Mimi nilikuwa natoa 11.0 napata 0.9 wakati ukweli ni 1.8, uzito nimeukata nusu na kapasiti ikawa mara mbili. 1500 yangu ilikuwa 750, chini ya dari la 800 kama hesabu ilivyosema toka mwanzo.

Toka siku ile nakata maduara matano ya shaba tupu kwenye karatasi ILEILE niliyopakia, kwenye kingo ambazo uji haukufika, napima yote kwenye mizani ya 0.01 mg, natoa wastani, na kama yanatofautiana zaidi ya 0.1 situmii karatasi hiyo kwa kazi ya kuchapisha. Pia gawanya kwa uzito wa kutu na ganda lake la kaboni kwa pamoja, usigawanye kwa kutu peke yake ili namba ipendeze.

Hatua ya 7: glavuboksi

Lithiamu tupu haitaki maji wala hewa wala hata naitrojeni, inashikana nayo inakuwa nyeusi, ndo maana boksi, ile iliyozibwa yenye glovu za kuingiza mikono, inajazwa agoni. Maji na oksijeni viwe chini ya 1 ppm (sehemu moja kwa milioni), vikiwa chini ya 0.1 ndo safi. Elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha lithiamu kati ya pande mbili, ni chumvi ya LiPF6 moli moja kwa lita kwenye viyeyushi vya EC na DEC nusu kwa nusu, na ukiweza ongeza kiongezi cha FEC 5%. LiPF6 ikikutana na unyevu inatoa asidi ya HF ambayo inakula kutu yako na inakula na mfupa wako, kwaiyo maduara yako yaingie boksini yakiwa ya moto kutoka vakuamu, hivyohivyo separata, ule utando unaotenganisha pande mbili zisigusane.

Kama chuo chenu hakina boksi fanya mpaka hatua ya 6, na umtafute mwenye boksi chuo kingine umtumie maduara yamefungwa vakuamu, kazi yenyewe ya kukusanya seli ishirini ni siku moja.

Kupanga seli ya CR2032 (ile ya umbo la sarafu): kikombe kikubwa chini, duara lako uso juu, matone ya elektroliti, separata, matone tena, lithiamu, bamba la chuma cha pua, springi, kifuniko, minya. Elektroliti iwe kiasi kilekile kila seli, mfano maikrolita 80, tumia pipeti usikadirie kwa jicho. Angalia pia kwamba duara lako lipo upande wa CHANYA. Inawachanganya wengi, tunasema tunatengeneza anodi alafu tunaiweka chanya. Sababu ni kwamba tunaishindanisha na lithiamu tupu, na mbele ya lithiamu tupu kila mtu ni chanya. Kwaiyo mashine ikisema dischaji maana yake lithiamu inaingia kwenye kutu yako.

Acha seli zipumzike saa 10 zinywe elektroliti. Pima volti, nzuri zinasoma kati ya 2 na 3. Ikisoma sifuri umeshotisha, mara nyingi separata imekaa upande au umeminya kupita kiasi.

Na kizimamoto cha moto wa metali (Class D) au unga mkavu wa kinywe uwe karibu. Lithiamu ikiwaka hakuna maji.

Hatua ya 8: kuichaji na kuisoma

Weka mipaka 0.01 mpaka 3.0 volti. Karenti 0.1 A kwa gramu, kwa miligramu 1.44 ni 0.144 mA, na kwa kapasiti ya 800 kila upande utachukua saa 8. Mizunguko 100 (mzunguko ni kuingiza na kutoa mara moja) kwa mwendo huo ni zaidi ya miezi miwili, kwaiyo fanya mizunguko mitatu ya pole alafu hamia 0.5 A kwa gramu. Kama umeme wenu unakatika katika weka UPS kwenye mashine NA kwenye kompyuta, mimi nilisahau ya kompyuta na mzunguko wa 61 hadi 74 haupo duniani.

Mzunguko wa kwanza uangalie kwa makini. Volti inashuka haraka mpaka kama 0.8, hapo inakaa tambarare muda mrefu, ndo nyumba inabomolewa, alafu inateremka taratibu mpaka mwisho. Utapata kama 1100, juu ya dari, na ukirudisha unapata 770 hivi. Usiogope na usishangilie. Ile tofauti imeenda kutengeneza utando juu ya chembe, elektroliti inavunjika chini ya volti 0.8 na kuacha ngozi, na lithiamu iliyoingia kwenye ngozi haitoki. Ni asilimia 70 tu imerudi. Kinywe kinarudisha 90 na zaidi, na hapa ndo nano inapokuadhibu, chembe ndogo zina uso mkubwa na uso mkubwa unataka ngozi nyingi. Kwenye betri kamili hiyo lithiamu iliyopotea inatoka kwenye kathodi, yaani upande chanya, na kathodi ndo sehemu ghali.

Mzunguko wa pili tambarare inapanda kidogo, 0.9 au 1.0, kawaida, chembe zimeshavunjika kuwa ndogo. Na ukifika mzunguko wa 80, 100, unaweza kuona kapasiti inaanza kupanda yenyewe badala ya kushuka. Wengi wanaiandika kama mafanikio. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba chuma kidogo kidogo kile kinasaidia kutengeneza utelezi kama jeli kutoka kwenye elektroliti ambao nao unabeba na kutoa lithiamu, pamoja na chembe kuzidi kusagika. Siyo kwamba kutu yako imezaliana.

Fanya seli tatu tatu: kutu tupu, kutu yenye ganda, na kaboni ya glukosi peke yake. Bila hizo mbili za pembeni huwezi kusema ganda limefanya nini. Kutu tupu huwa inaanza vizuri alafu inaporomoka ndani ya mizunguko michache, na ukiziweka kwenye grafu moja ndo picha unayoitaka.

Sasa kwanini haziko madukani

Nimeulizwa sana hili, kama kutu ni 926 na kinywe ni 372 mbona simu bado ni kinywe. Lile suala la 70% nimeshalisema. Lingine ni kubwa zaidi na halionekani kwenye grafu ya kapasiti, angalia volti. Lithiamu inaingia kwenye 0.8 na inatoka kwenye 1.6 hivi. Ipe kathodi ya volti 3.9: kuchaji unahitaji 3.9 toa 0.8 ni 3.1, kutumia unapata 3.9 toa 1.6 ni 2.3. Yaani umeme wa shilingi 100 ulioingiza unakurudishia kama 74, nyingine imeondoka joto. Kinywe kinaingia na kutoka karibu na 0.1, haupotezi kitu cha maana na unabaki na volti 3.7 au 3.8. Kwa maoni yangu hii ndo sababu kuu, na pepa nyingi zinaipita kimya kimya kwasababu zinachora mAh na siyo Wh, yaani nishati yenyewe, kapasiti mara volti. Kilichofika sokoni ni silikoni oksaidi kidogo iliyochanganywa ndani ya kinywe, na titanati ya lithiamu ya Toshiba ambayo ina 175 tu kwa gramu ila inachajika haraka na inadumu sana. Wewe chora Wh. Hata kama namba itakuwa mbaya.

Seli ikifa usitupe kabla hujaifungua, ndani ya boksi, kwa koleo lenye plastiki ili usishotishe. Ukikuta unga mweusi umehamia kwenye separata ujue gundi imeachia, rudi kwenye uji, ongeza CMC iwe 15 na ukaushe taratibu zaidi. Ukikuta duara limekaa vizuri lakini lithiamu ya upande wa pili imekuwa nyeusi na ya vumbivumbi, basi anodi yako haikufa, iliyokufa ni ile lithiamu au elektroliti imekauka, na hapo unaweza kulitoa lile duara hilohilo ukalipa lithiamu mpya na elektroliti mpya na ukashangaa kapasiti inarudi.